Mtoto ana kisukari cha sindano, tuko Tanga, msaada wa gharama tunaupata wapi?

MamaVitumbua_Makorora

Wakubwa zangu shikamooni, wengine hamjambo. Naombeni mawazo yenu maana hapa nilipo nalala macho yamekodoka. Nina mtoto wa kiume yuko darasa la tatu, alianza kunywa maji kupita kiasi, usiku anaamka kukojoa kila saa tukajua UTI, tukampa dawa za UTI, huku anakonda mpaka kaptula ya shule inamvuka. Siku moja akaamka anatapika na anapumua kwa nguvu kama mtu aliyetoka kukimbia, tukampakia kwenye bajaji mbio mbio hospitali. Kupimwa sukari mashine hata haisomi namba, inaandika HI, yani sukari iko juu mno, na mkojo una ketoni, ile asidi inayojaa mwilini insulini ikikosekana. Alilazwa, wakamwekea maji na insulini, alhamdulillahi akarudi. Daktari akatueleza ni kisukari cha aina ya kwanza, kongosho haitengenezi insulini kwa hiyo atachoma sindano maisha yake yote, wala sio kwamba tulimlisha sukari nyingi kama majirani wanavyosema.

Sasa wapendwa shida ni pesa. Baba yake anaendesha boda ya mtu, jioni lazima apeleke hesabu kwa tajiri, mi napika vitumbua na mihogo asubuhi. Insulini tunanunua duka la dawa, na sindano zake, na zile stripu za kupimia, yani stripu ndo zinatumaliza kabisa maana boksi moja ni zaidi ya elfu thelathini na ukipima kama walivyosema, mara tatu nne kwa siku, wiki mbili haifiki. Kwa hiyo tunapima asubuhi tu. Shangazi yake anashauri tumpunguzie dozi ili chupa ifike mwisho wa mwezi, mi moyo unakataa ila sina jibu la kumpa.

Kuna bima inayochukua ugonjwa kama huu? Nasikia watu wanasema kuna msamaha wa matibabu, unaombwaje? Na kuna shirika lolote linalosaidia watoto? Tulikolazwa tulipewa bili na tarehe ya kurudi basi, hatukuelezwa kingine.

NesiMstaafu

Marahaba mwanangu, pole sana, na mpe pole baba yake. Nimefanya kazi wodi ya watoto miaka mingi kabla sijastaafu na naomba uanze na hili moja kabla ya mengine yote: dozi msipunguze. Hata siku moja. Mtoto wa aina ya kwanza akipunguziwa insulini anarudi kule kule kwenye kutapika na kupumua vile, na safari hii mnaweza msiwahi. Hata siku anaumwa homa hali chakula bado insulini anahitaji, mnampima mara nyingi zaidi na mnarudi hospitali, hamuachi sindano. Mwambie shangazi nia yake ni nzuri lakini hapo hapana.

Sasa pesa. Nchi hii kuna msamaha wa aina mbili na watu wengi wanauchanganya, hata baadhi ya wafanyakazi wenyewe. Upo unaotokana na sera, ulikuja pamoja na uchangiaji wa gharama miaka ya tisini, unahusu watoto chini ya miaka mitano, wajawazito, wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo, na magonjwa sugu kadhaa, kifua kikuu, ukoma, VVU, saratani, sikoseli, na kisukari kimo. Halafu upo wa mtu asiye na uwezo, yani hata kama ugonjwa wake haumo kwenye orodha ila hana kitu, anaombewa kwa wakati ule. Mtoto wako anaweza kupita milango yote miwili. Lakini msamaha haukufuati nyumbani. Lazima uuombe, na anayeushughulikia sio daktari wala mtu wa dirisha la malipo, ni afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Bombo, hospitali yenu ya mkoa, wapo, kila hospitali ya rufaa ya mkoa inao, na za wilaya pia.

Utaratibu wenyewe: nenda kwanza ofisi ya serikali ya mtaa wenu, muone mwenyekiti na mtendaji, wakuandikie barua kuwa wewe ni mkazi na hali ya kaya ni hii. Kama mko kwenye mpango wa TASAF wa kunusuru kaya waambie waandike humo humo, inasaidia sana. Barua iwe na muhuri. Chukua na karatasi ya ruhusa mliyopewa mlipotoka wodini, ile yenye jina la ugonjwa, na kitambulisho chako cha NIDA au cha kura, na cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Toa kopi zote. Ufike asubuhi UKAANZE NA USTAWI kabla hujafungua bili yoyote, maana ukishalipa kurudishiwa ni shughuli nyingine. Afisa atakuhoji, mnaishi wangapi, kipato kinatoka wapi, nyumba ya kupanga au yenu, usione haya kumwambia ukweli wote, hayo maswali ndo kazi yake na ndo anachoandika kwenye fomu.

Nikwambie na upande mgumu ili usije ukavunjika moyo. Msamaha unakusaidia kwenye kumuona daktari, vipimo, kitanda na dawa ZILIZOPO hospitalini. Ikitokea dawa imeisha stoo ukaandikiwa kununua nje, duka la mtu binafsi halijui msamaha. Hapo ndo familia nyingi zinapoumia. Ndo maana kwa mtoto wa aina ya kwanza kuna njia nyingine bora zaidi na sijui kwanini hawakukwambia: uliza kliniki ya watoto wenye kisukari. Sio kliniki ya kisukari ya wazee wa vidonge, ya watoto na vijana wa sindano. Chama cha Kisukari Tanzania pamoja na Wizara ya Afya na mashirika ya nje wana mipango inayoleta insulini, sindano, glukometa yani mashine ya kupimia sukari, na stripu bure kwa watoto na vijana, mmoja unaitwa Changing Diabetes in Children na mwingine Life for a Child. Mtoto anasajiliwa, anapewa buku lake, anahudhuria kila mwezi.

KijanaWaMuheza

Mama shkamoo. Alichosema mama nesi ni kweli kabisa, mimi ni shahidi. Nina aina ya kwanza tangu nikiwa darasa la tano na sa hivi niko chuo. Marehemu mama alikuwa anauza machungwa pale stendi Muheza na asingeweza kuninunulia insulini ya miaka yote hii hata angeuza shamba. Nimekua kwa insulini ya kliniki. Bure. Watu wanaona kama hadithi lakini ndo ukweli.

Ila kuna vitu nimejifunza ambavyo hukuti vimebandikwa ukutani. Siku ya kliniki usikose, maana vifaa wanagawa kulingana na daftari la mahudhurio, ukipotea miezi miwili wanajua umehama au umefariki, na wanaagiza kwa idadi ya watoto waliopo. Ukiwa na safari mtume ndugu na buku. Namba za sukari ziandike kwenye daftari kila ukipima, saa ngapi, ngapi, amechoma yuniti ngapi, hata kama namba ni mbaya andika hivyo hivyo, daktari anapanga dozi kwa hizo namba na ukimpikia namba nzuri unamuumiza mtoto wako. Glukometa angalia jina lake kabla hujanunua stripu za kujazia, stripu za mashine moja haziingii mashine nyingine, nimeona watu wanapoteza hela hivyo.

Afu chupa. Ukiifungua andika tarehe kwa peni pale kwenye lebo, ikishafunguliwa ni wiki nne hivi unaacha hata kama imebaki. Nyumbani hatukuwa na friji na joto la huku mnalijua, Januari mpaka Machi hata ukuta unatoa jasho. Tulichofanya ni chungu kikubwa, ndani yake chungu kidogo, katikati mchanga unaoloweshwa maji asubuhi na jioni, chupa inakaa kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko ndani ya kile kidogo ili isiguse maji, juu kitambaa kibichi, unaweka kivulini penye upepo. Pwani kwetu kuna unyevunyevu mwingi kwa hiyo haipoi kama ingekuwa Dodoma lakini tofauti unaiona. Zile chupa ambazo hazijafunguliwa tulikuwa tunaomba friji kwa jirani, unaweka mlangoni kabisa mbali na barafu, maana insulini ikiganda imeharibika, usimchome.

Mtaalam_Mimea

Dada usihangaike na masindano, kuna dawa ya mizizi siku 21 kisukari kinaisha kabisa, hata cha watoto, nicheki inbox nikupe na bei.

NesiMstaafu

Wewe hapo juu naomba ukome. Nimepokea watoto waliotolewa kwenye insulini wakapewa mizizi, wamefika wodini hawajitambui, na wengine hawakurudi nyumbani. Mama Vitumbua usimfuate inbox. Kongosho la mwanao halitoi insulini, hakuna mzizi unaoweka insulini mwilini. Mtu akikuahidi siku kadhaa kinaisha, ujue anakula pesa yako ya stripu. Na katika hilo hilo, kuna matapeli wengine wanajifanya wa mashirika, wanapiga simu wanasema mtoto amechaguliwa kutibiwa tuma ada ya usajili. Hiyo mipango haina ada. Usajili unafanyika kliniki mbele ya daktari basi.

Bima_na_Maisha

Habari dada, pole. Mi nitaongelea bima tu maana ndo kazi niliyofanya.

Kwanza baba wa mtoto kwa sasa ni boda kwa hiyo hana mwajiri, lakini kuna mtu yeyote ndani ya nyumba mwenye ajira rasmi? Nauliza kwa sababu mtu akiwa mwanachama wa NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, kupitia ajira, mchango ni asilimia 6 ya mshahara, nusu yake nusu ya mwajiri, na anaruhusiwa wategemezi wake, mke au mume na watoto. Siku baba akipata ajira hata kiwandani au shamba la mkonge, kitu cha kwanza aulize ni bima, asiulize mshahara tu. Nimewaona watu wana haki hiyo na mtoto mgonjwa yuko nyumbani hajasajiliwa kisa hana cheti cha kuzaliwa. Cheti cha RITA kishughulikieni mapema, bila hicho mtoto haingii kwenye bima ya mtu.

Kulikuwa na Toto Afya Kadi, bima ya NHIF ya watoto, shilingi 50,400 kwa mwaka kwa mtoto, watu wengi waliitegemea, mwaka 2023 wakabadilisha wakataka watoto wasajiliwe kwa makundi kupitia shule. Sababu waliyoitoa ni kwamba wazazi wengi walikuwa wanasajili mtoto akishaumwa tu na mfuko unabeba mzigo. Mi naelewa hesabu yao lakini kwa mzazi kama wewe ambaye ugonjwa umeingia ghafla iliuma. Kaongee na mwalimu mkuu wa shule ya mtoto ujue kama kuna usajili wa kupitia shule. Na pita ofisi ya NHIF hapa mjini Tanga wakupe utaratibu wa leo, usichukue wa mtu aliyejiunga miaka mitatu nyuma, maana mambo yanabadilika.

CHF iliyoboreshwa, yani mfuko wa afya ya jamii, ilikuwa elfu 30 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita, kuanzia zahanati mpaka hospitali ya mkoa ukiwa na rufaa. Kwa elfu 30 ilikuwa msaada mkubwa ila nayo shida yake ni ile ile, dawa ikikosekana pale unanunua nje. Sasa tunakwenda kwenye bima ya afya kwa wote, sheria ilipita bungeni Novemba 2023, na ndani yake kuna kifungu cha wasio na uwezo kulipiwa na serikali. Hao wasio na uwezo wanatambuliwa kuanzia mtaani. Kwa hiyo hiyo barua ya mwenyekiti anayokwambia mama nesi ina kazi mbili, usiichukue tu ukasahau, hakikisha mtaa umeiandika kaya yenu kama kaya isiyo na uwezo. Watu wanaona aibu kuandikwa maskini, mi nasema aibu hiyo iweke pembeni, mtoto kwanza.

Ustadh_Ngamiani

Assalam alaykum. Dada yangu Allah akufanyie wepesi. Huku Ngamiani misikiti kadhaa ina kamati za zaka na sadaka, na mgonjwa masikini ana haki humo sio kuombaomba. Nenda kwa imamu wa msikiti wenu baada ya alasiri, hapo watu wametulia, mpelekee karatasi za hospitali. Na kama si Muislamu parokia nazo zina watu wa huruma, Caritas, shirika la misaada la Kanisa Katoliki, wapo, usibague mlango. Ila nitoe ushauri mmoja kuhusu michango, kwa sababu nimekaa kwenye kamati: omba kitu kinachojulikana. Ukisema naomba msaada wa mtoto mgonjwa watu watatoa elfu mbili mbili mara moja wamesahau. Ukisema mtoto anahitaji maboksi mawili ya stripu kila mwezi, jina la stripu ni hili, bei yake hii, unapata mtu mmoja anasema boksi moja langu kila mwezi nanunua mimi. Tuna mzee mmoja alimnunulia mtoto wa watu hivyo mpaka akamaliza shule.

Na ikitokea bili ya hospitali kubwa, hospitali za serikali unalipa kwa kontroo namba. Wape wachangiaji hiyo kontroo namba walipe wenyewe moja kwa moja kwenye simu. Inaondoa maneno.

BintiPwani88

Pole mama. Kama uko kwenye kikoba angalia katiba yenu, vikoba vingi vina mfuko wa jamii tofauti na hisa, ule wa misiba na ugonjwa, sisi Chumbageni kikundi chetu mgonjwa anapewa bila kurudisha, ukizidi ule unakopeshwa bila riba. Wanawake wengi wanachangia kila wiki na hawajawahi kuomba wakidhani ni wa misiba tu.

Na shule! Mwambie mwalimu wa darasa. Mdogo wangu aliwahi kushuka sukari darasani, anatetemeka, jasho, anaongea hovyo, mwalimu akadhani mtundu akamtoa nje akasimame juani. Mtoto awe na sukari kwenye kikaratasi mfukoni au soda ya kawaida kwa mwalimu, akishuka anapewa vijiko vidogo vitatu vya sukari kwenye maji, baada ya robo saa anapimwa tena, akishapanda anakula kitu. Akiwa hajitambui msimnyweshe, anakimbizwa hospitali. Na aruhusiwe kwenda chooni na kunywa maji muda wowote.

MamaVitumbua_Makorora

Jamani Mungu awabariki, nimesoma yote nikamsomea na baba yake. Naleta mrejesho.

Mwenyekiti aliandika barua siku hiyo hiyo, mtendaji ndo hakuwepo nikarudi kesho yake. Nikaenda Bombo asubuhi na mapema nikauliza ustawi wa jamii, nikaelekezwa, dada wa pale kijana tu lakini kanisikiliza vizuri, kajaza fomu, kanipeleka mwenyewe mpaka kwa daktari wa kliniki ya kisukari. Mtoto kasajiliwa! Wamenipa insulini, sindano, na glukometa yenye stripu zake. Stripu sio nyingi vile, wakasema wanagawana na watoto wengine, nipime asubuhi na usiku kila siku na zile nyingine nizitumie akiumwa au akionyesha dalili. Wamempima na kile kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu, wakasema kiko juu ila kitashuka. Wametufundisha pia kubadilisha sehemu ya kuchoma, kumbe tulikuwa tunachoma paja moja tu mpaka pameanza kuwa pagumu, sasa tunazunguka, tumbo, mapaja, mikono.

Imamu tumeongea naye kama alivyosema ustadh, nikamtajia stripu kwa jina. Kasema Ijumaa atanijibu. Chungu nimeshanunua sokoni, mchanga baba yake kauleta. Dogo mwenyewe jana kajichoma kwa mara ya kwanza nikiwa nimemshikia mkono, hakulia, mi ndo nililia nikaenda jikoni.

Swali langu moja, Ramadhani ikija anataka kujaribu kufunga kama wenzake, nifanyeje?

NesiMstaafu

Alhamdulillah! Nimefurahi mwanangu kuliko unavyodhani. Kufunga hapana, kwa umri wake hata haijamlazimu na mgonjwa ana ruhusa, muulize imamu atakwambia hivyo hivyo mbele ya mtoto ili asione ananyimwa na mama. Mpe kazi nyingine, awe anapanga tende za futari. Daktari naye mwambie mapema mwezi ukikaribia, maana hata asipofunga, ratiba ya chakula nyumbani inabadilika na dozi inaweza kuguswa.

MamaJ_Korogwe

Samahani naingilia, wangu ana miaka 15 yuko sekondari Korogwe, yeye pia sindano, na tunanunua kila kitu miaka miwili sasa. Umri huo bado anapokelewa au ameshapita? Na lazima nifike Tanga mjini?

KijanaWaMuheza

Mama J anapokelewa, mi nilikuwa kliniki ya watoto mpaka nimevuka 18. Anza na hospitali ya wilaya hapo Korogwe, omba ustawi wa jamii na muulize daktari wa kisukari, kama hawana kliniki ya vijana wakuandikie rufaa ya Bombo, usije bila hiyo karatasi utazungushwa. Njoo na barua ya mtaa, cheti cha kuzaliwa na daftari la namba zake za sukari kama analo. Ukija Tanga niandikie hapa hapa, siku ya kliniki yangu nitakusubiri getini nikuonyeshe njia, na huyo kijana nataka niongee naye, sekondari ndo umri ambao mtu anaficha sindano asionekane na wenzake.

MamaJ_Korogwe

Ndo anachofanya kweli, anachoma chooni. Asante mwanangu, Jumatatu naanza na mtendaji.